Kona ya Kibindo

Ofisini kwao wanamwita Kibindo, naye huitika bila kununa. Jina hilo alilipata kihalali, kwa kosa alilolitenda mwenyewe, ila msije mkadhani ni mjinga. Mwanamke huyu anatunza njia za mlimani tangu akiwa msichana: anafyeka vichaka, anafukia mifereji inayochimbwa na mvua, anabadilisha ngazi za magogo zilizooza. Mfunge kitambaa machoni, mwache katikati ya msitu, atakuja kukugongea mlango chai yako haijapoa. Lakini kidude kilipoingia ofisini, loo, kilimwaibisha.

Njia anayoipenda kuliko zote ni ile inayopanda kando ya korongo mpaka kileleni. Aliikata baba yake, kwa panga na sururu, enzi ambazo hifadhi haikuwa na hata gari moja. Sasa nyonga imemgomea mzee. Anashinda barazani na mkongojo na redio yake, na binti akirudi kazini, hata salamu hajaitikia, anauliza: "Njia yangu haijambo?" Utadhani anaulizia mjukuu. Binti hujibu, "Haijambo, baba, inakusalimia," na mzee anarudi kwenye redio yake roho kwatu.

Basi ofisi ikaamua kuchora ramani mpya. Ikaletwa GPS ya mkononi, kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye kioo kidogo, kinachosikiliza setilaiti huko juu na kuweka alama kila unapopita. Kila njia ilitakiwa ipitwe nacho. Mkuu wa hifadhi, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi, akatoa amri mbele ya wote: njia itakayoonekana inaingia korongoni itafungwa na kupandwa miti. Kuna mgeni aliteleza huko akavunjika mguu, na mkuu hakutaka kusikia habari kama hiyo tena.

"Na hiki kidude," akaongeza akimtazama mtunza njia, "ni kimoja tu. Kikipotea tusije tukalaumiana."

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza. Hebu fikiria: umekabidhiwa kitu cha thamani, umeambiwa kikipotea utakiona cha moto, utakiweka wapi? Mfuko hutoboka. Mkoba husahaulika. Marehemu mama yake alimfundisha tangu utotoni kwamba kitu cha maana kinakaa kibindoni. Basi akakikunja kwenye kitenge alichojifunga kiunoni juu ya suruali ya kazi, akakaza fundo, akavaa koti la mvua juu yake, huyoo, akapanda mlima. Kila baada ya hatua kadhaa anapapasa tumbo. Kipo. Anaendelea. Jioni akarudi nacho kikavu, hakina hata mkwaruzo, akakiweka kwenye meza ya mchora ramani kama mtu aliyeokoa mtoto kisimani.

Mchora ramani ni kijana wa miwani ambaye mdomo haumkai. Akakiunganisha na kompyuta, mara akatoa macho.

"Dada'angu, hebu njoo uone. Huku juu uliota mabawa?"

Mstari mwekundu kwenye kompyuta ulikuwa umelewa chakari. Ulianzia getini vizuri, ukapanda kidogo, halafu ukaruka korongo. Ukarudi. Ukapita katikati ya maporomoko ya maji, ukakatika, ukaibukia ng'ambo mahali ambapo hata nyani hawapandi.

"Mimi sijafika huko," akasema mtunza njia.

"Najua. Kidude ulikibeba wapi?"

"Kibindoni."

Kijana akalaza kichwa mezani, mabega yakamtetemeka. Ofisi nzima ikavunjika mbavu, na jina likazaliwa palepale. Alipomaliza kufuta machozi akamweleza taratibu, tena bila dharau. Kidude hakina uchawi wowote, kinataka kuiona mbingu tu. Mawimbi ya setilaiti yanafika yakiwa hoi, na mwili wa mtu umejaa maji, unayazuia. Ukikifunika kwa tumbo na koti, na mlima umekukalia ubavuni, kinachosikika ni kidogo tu, tena kingine kimeshagonga jabali kikadunda.

"Kisiposikia vizuri, kinabahatisha," akasema. "Na uliposimama getini, ulisubiri kikamate setilaiti kwanza?"

Hakusubiri. Aliwasha, akafunga fundo, akaondoka.

Mkuu hakucheka. Aliutazama ule mstari akiwa amekunja uso. "Njia hii inaingia korongoni mara tatu."

"Mkuu, kosa ni langu, si la njia."

"Huenda. Irudie kabla wiki haijaisha. Mstari ukija hivi tena, naifunga."

Siku hiyo mzee alipouliza kama njia yake haijambo, binti alishindwa kusema inakusalimia. Hajui kudanganya, uso wake unasema kabla ya ulimi. Akaeleza yote, isipokuwa jina jipya alilopewa kazini. Hilo lilimtia haya.

"Wataifunga?" mzee akauliza.

"Nikikosea tena."

Mzee akazima redio. Redio ile haizimwi, watu wa nyumba hiyo wanalala nayo na kuamka nayo, kwa hiyo kimya kikawa kizito. "Mimi niliipita bila setilaiti hata moja," akasema. Binti akaenda jikoni, akashika tama. Aliogopa, tuseme ukweli. Kazi angepata nyingine, lakini atarudije nyumbani kila jioni, baba amekaa pale, hana tena kitu cha kuulizia?

Akawaza namna ya kukibeba. Mkononi haiwezekani, kuna mahali unapanda kwa kamba na mikono yote miwili ina kazi. Begani, kama alivyoshauri mchora ramani, alijaribu uani kwake. Kidude kikawa kinateleza mpaka kwapani, na kisipoteleza kinazibwa na kichwa. Akaketi tena, macho juu ya ukuta wa jikoni, na pale kwenye msumari akaiona ngata yake, ile pete ya kitambaa anayoiweka kichwani akibeba ndoo. Akacheka peke yake. Ni sehemu gani ya mtu isiyofunikwa na kitu chochote? Utosi!

Asubuhi iliyofuata alisimama kwenye uwazi wa getini, kidude kiganjani, uso wake juu, akatulia mpaka setilaiti zikajaa kwenye kioo. Kisha akakipachika katikati ya ngata, akaifunga kwa kitambaa chini ya kidevu, akaanza kupanda kama anavyobeba maji: shingo wima, hatua laini, hakuna papara. Penye miti iliyofumana alipunguza mwendo ili kidude kipate kuchungulia kati ya majani. Kwenye kamba alipanda kwa mikono miwili, kichwa kimetulia kama cha bibi harusi.

Akakutana na wapandaji wawili wanashuka. Wakasimama wakamkodolea macho.

"Mama, samahani, hicho kichwani ni nini?"

"Ndoo ya setilaiti."

"Imejaa?"

"Pomoni. Nipisheni, itamwagika."

Wakampisha, jamani, tena kwa heshima. Naye akapanda mpaka kileleni, akashuka, hakukigusa hata mara moja.

Safari hii mstari ulikuja umetulia. Ulipita kando ya korongo kwa adabu, mbali na ukingo, kila ngazi mahali pake. Mchora ramani akapiga mluzi. Mtunza njia akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu getini. Kisha mkuu akaweka kidole juu ya kompyuta.

"Na hiki kiwiko ni cha nini? Kidude kimebahatisha tena?"

Karibu na juu, kwenye mteremko uliokuwa wazi kabisa, mstari uliacha kupanda, ukaenda kando, ukazunguka, ukarudi.

"Hapana, mkuu," kijana akasema. "Setilaiti zilikuwa tele. Amezunguka kweli."

"Kwa nini? Hapo hakuna mwamba, hakuna mti, hakuna maji. Kona isiyo na sababu wageni wataikatiza tu, na wakikatiza hapo watateleza mpaka korongoni. Nipeni sababu ya kuiacha. Isipokuwepo, naifunga hapo, na njia ikifungwa hapo haina maana tena."

Mtunza njia akainamia kompyuta. Kona ile ameipita maisha yake yote, miguu yake inazunguka yenyewe, na hajawahi kujiuliza.

"Kamuulize aliyeikata," akasema mkuu.

Mzee alijibu upesi mno. "Mwamba. Pana mwamba hapo."

"Baba, nimetoka huko. Hakuna mwamba."

"Ulikuwepo."

"Ukaenda wapi, baba? Mwamba umehama?"

Mzee akauchezesha mkongojo wake, akatazama uani, akatazama paa. Halafu akacheka kicheko cha mtu aliyekamatwa mkono chunguni.

"Msimamizi wetu alikuwa mkali kama pilipili," akasema. "Angejua nimeizungusha njia ya hifadhi kwa ajili ya mke wangu, ningefukuzwa siku hiyohiyo. Nikamwambia kuna mwamba. Nimelirudia neno hilo mpaka na mimi nikaanza kuuona huo mwamba." Akaegemea mkongojo. "Mama yako alikuwa akiniletea chakula kule juu kila mchana. Nilimkataza, lakini unamjua mama yako. Ana mimba ya miezi saba, na pale pamesimama kama ukuta. Akifika anatweta mpaka mimi nashindwa kumeza. Nikaizungusha njia hapo, apande taratibu."

"Mimba ya nani, baba?"

"Ya nani tena? Nina mtoto mwingine mimi?" Akamnyooshea mkongojo. "Njia ile uliipita kila siku kabla hujaliona jua. Ulibebwa kibindoni."

Binti akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini, na mzee asijue neno lake limechekesha nini, na kicheko kikageuka machozi bila kuomba ruhusa. Alimkumbuka mama yake, akamlilia waziwazi kama siku ya msiba.

Kesho yake alisimama mbele ya mkuu, akasema sababu ilivyo, bila kuipamba. Lile neno la baba yake tu ndilo alilobaki nalo moyoni. Mkuu akasikiliza, akautazama mteremko kwenye ramani.

"Miezi mingapi, umesema?"

"Saba."

"Na chakula mkononi?"

"Kichwani, mkuu."

Mkuu akaguna. Ana watoto wanne yule mama. "Kona iachwe," akasema. "Na kibao kiwekwe hapo, wageni wasikatize."

"Kibao kitataka jina," mchora ramani akadakia, na kabla hajazuiwa ameshaandika: Kona ya Kibindo. Ofisi ikacheka tena, ikidhani ni utani uleule wa siku zile. Mtunza njia akawaacha wacheke.

Jioni alimpelekea baba yake nakala ya ramani. Mzee akavaa miwani, akaisogeza kwenye mwanga, akasoma jina la kona, akamtazama binti yake juu ya miwani.

"Umewaambia neno langu?"

"Sijawaambia, baba. Wamelipata wenyewe."

Mzee akaitandaza ramani mapajani. Akaweka kidole getini, akaanza kuupanda mstari. Ngazi za kwanza alizipita haraka, akapita kando ya korongo, akapita kwenye kamba. Alipofika kwenye kona kidole kikapunguza mwendo, kikawa kinazunguka kidogokidogo, kinasimama, kinaendelea.

"Polepole, mke wangu," akasema. "Tumekaribia."