Stempu Tatu na Kesi ya Banza

Leo stempu tatu zimemaliza ugomvi wa tangu vita vya miaka ya tisini.

Jirani yangu hapa Kamina, Kongo, Mama Ngoie, mwalimu mstaafu, alikuwa hasemi na mdogo wake Banza.

Baba yao aliugua na kufa wakati wa vita, Banza akiwa Uingereza. Barua yake ya kumsalimu mgonjwa ilifika baada ya mazishi. Ndani haina tarehe.

“Alijua baba amekufa, akajifanya hajui,” Mama aliniambia. “Soma nyuma ya bahasha. Muhuri ya Kamina iko pale.”

Hapa sote tunasoma nyuma, kwenye muhuri wa posta wa tarehe ya kufika. Hata mimi nilianza huko.

Lakini wakati wa vita treni za barua zilisimama miezi mingi, na muhuri wa Uingereza mbele umefutika.

Nikajumlisha thamani ya zile stempu tatu za mbele. Nikafungua orodha ya bei za zamani za posta ya Uingereza.

“Weye muntu ya magazeti, unajua nini ya posta?” Mama akacheka.

Jumla ni bei ya zamani ya barua ya kuja huku, kamili. Bei hiyo ilipanda wiki mbili kabla ya baba kufa.

Barua ya baadaye yenye stempu hizo ingegongwa herufi T, alama ya malipo pungufu. Nimeitafuta pande zote mbili. Hakuna.

Banza aliandika baba akiwa hai.

Mama akageukia uani, ambako Banza, aliyerudi wiki hii, alikuwa akila peke yake.

“Banza! Kuya huku, bukari inapola!” Alimwita wale ugali pamoja kabla haujapoa.

Nimeandika masahihisho mengi kazini. Hili ndilo ninalojivunia.

Nani bado ana bahasha ya wakati ule? Isome mbele.