Mwili Uliorudi

Jumapili ya mwisho ya Agosti, mwaka juzi, nilimpoteza dada yangu kule Masasi. Tulimzika kwetu Newala.

Miaka sita kabla, madaktari wa Dar es Salaam walimpasua tumbo ili apunguze unene uliomletea kisukari, wakambakizia kifuko kidogo cha kupokea chakula na kukiunganisha na utumbo. Akapungua sana, kisukari kikatulia. Lakini nyumbani watu walinong'ona kwamba ameathirika, ana virusi, na mama akawa anampikia uji wa karanga wenye sukari nyingi. Ugali ulimshinda, uji ulipita. Mwaka wa nne mwili ukaanza kurudi.

Tulirudi Dar. Daktari alisema pale walipounganisha pametanuka, na kumpasua tena ni hatari zaidi.

"Sasa daktari, nikae nijitazame tu?" dada aliuliza.

Daktari akafunga faili lake. Ndani ya basi dada hakula chochote mpaka Masasi.

Msibani mama mkubwa alinishika mkono. "Shukuru Mungu, mwanangu. Kaondoka amenawiri. Ule wembamba ulitutisha."

"Kweli, kaondoka na mwili wake," wenzake wakaitikia.

Nilitaka kuwaambia kwamba dada aliukimbia mwili huo, na kisukari kilichorudi nao ndicho kilichomuua. Lakini mama alikuwa amekaa ubavuni kwangu, anasikia.

"Ahsante, mama mkubwa," nikasema.

Mama akanisogezea kikombe cha uji. "Kunywa, usije ukakonda na wewe."

Nikanywa.