Kamera ya Kupiga Picha na Baba Mkwe

Juzi, katika duka moja Tukuyu, nilikuwa nasubiri picha za pasipoti ambazo ofisi fulani ilizitaka ili iamini kwamba mimi ni mimi. Kando yangu muuguzi mmoja alikuwa akichagua kati ya kamera mbili za dijitali.

"Hii inavuta mbali, dada," alisema muuza duka. "Hii nyingine haivuti, ila inachukua upana."

"Ipi itatuweka pamoja mimi na baba mkwe? Yeye mlangoni, mimi kule kwenye migomba. Na uwanja wenyewe mdogo."

"Si msogeleane?"

"We kaka, umezaliwa hapa hapa. Kwa mila yetu mke wa mwana anamsogelea baba mkwe?" Akashusha sauti. "Ndiye aliyenisomesha. Sasa anaumwa, na sina hata picha moja naye."

Muuza duka alichukua kamera zote mbili. Alinitoa nje, akanisimamisha ukingoni mwa mtaro niwe baba mkwe, na dada akasimama ng'ambo ya barabara. Kwa ile ya upana tulitokea wote, dada akiwa amepiga goti na kuinamisha uso kama vile mimi ni mkwewe kweli.

"Nachukua hii," akasema. "Ndaga," akanishukuru kwa lugha ya huko.

Nimezunguka ofisi nyingi, na hakuna iliyonipa heshima kama ile ya kuazima. Namshukuru mzee nisiyemjua, maana ndiye aliyeifanyia kazi.