Chupa Niliyoshindwa Kuiacha

Mwanangu, nakumbuka siku moja pale Gitega nilivyofukuzwa maabara na mwalimu wangu mwenyewe. Usicheke kwanza.

Tulikuwa tumetenga dawa iliyomo kwenye majani ya umuravumba, yale tunayowachemshia watoto wenye kikohozi, tukataka kujua atomu zake zimepangwaje. Kwa kazi hiyo unahitaji fuwele moja safi, hata ikiwa ndogo kama punje ya chumvi. Inapigwa eksirei, miale inatawanyika kuwa madoadoa, na kutokana na madoadoa hayo unakokotoa kila atomu ilipokaa. Mashine ilikuwa ng'ambo. Mwalimu alikuwa karibu kusafiri, na bila fuwele kazi yangu yote ya chuo ingekuwa bure.

Fuwele hukua chupa yenye dawa iliyoyeyushwa ikiachwa itulie. Mimi sikuweza. Nililelewa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako usipokishika kitu chako asubuhi hujui kama jioni utakuwa nacho. Basi kila nikiingia naiinua chupa, naitazama kwenye mwanga. Nikaambulia unga mtupu, tena na tena.

"We Spesi, unaitikisa kila siku, itakua namna gani?" mwalimu akafoka. "Naanza ingine, ni ya mwisho. Enda kwenu Muyinga. Hapa mi sitaki kukuona!"

Nilifika kwa mama, Butihinda, hukohuko Muyinga. Nyuma ya mlango nikaliona furushi letu la kukimbilia, bado limefungwa, na amani ilishakuwa ya miaka.

"Mama, hili bado la nini?"

"Najua tumerudi, mwanangu. Lakini kila nikiamka nalishika kwanza, nione kama lipo."

Huyo alikuwa mimi na chupa yangu. Tukakaa chini tukalifungua. Ndani mlikuwa na sufuria nzima kabisa. Mama akapikia humo maharage. Nilitamani sana kurudi kuchungulia, nikajizuia mpaka mwalimu aliponiita.

Ndani ya chupa, chini kabisa, ilikaa fuwele moja, angavu, ina kingo zake. Mwalimu aliondoka nayo, akarudi na mchoro wa atomu zote. Nililia mbele za watu.

Basi mwanangu, jambo ukishalipanga vizuri, liondolee mkono. Kuogopa utaogopa, hata mimi bado naogopa, ila woga usiushikishe chupa. Mungu akupe nyumba ambayo nyuma ya mlango wake pana ufagio tu.