Shikamoo Niliyomnyima

Siku ya posa ya binti wa marehemu dada yangu nilitoka Masasi mapema, nikapanda Newala kwa mama nikiwa na furaha zangu. Binti huyo nimemlea mwenyewe tangu nilipoacha jeshi, kwa hiyo siku ile mama wa mwali nilikuwa mimi. Wageni walipobisha hodi, mama alikuwa bado ndani anajifunga kanga. Nikatoka kuwapokea.

Aliyetangulia alikuwa baba mdogo wa kijana anayeposa. Alikohoa kabla sijamtazama usoni, nikamjua. Alikuwa mkuu wangu kikosini. Siku moja aliniita ofisini kwake nikachukue barua ya likizo, akafunga mlango, akanibaka. Neno hilo nililifanyia mazoezi miezi mingi mbele ya muuguzi mmoja wa hospitali kule Ndanda, mpaka nikaweza kulitamka bila kutapika.

Lakini mwili una upumbavu wake. Visigino vyangu viligongana vyenyewe, mgongo ukanyooka, na "Jambo, afande" ikanifika mdomoni. Niliimeza. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia yeye. Wageni walicheka, wakadhani natania. Naye akacheka, akasema huyu bado askari, kisha akatulia akingoja shikamoo yake.

Sikuitoa. Kicheko kikaisha. Kwetu, kumnyima mtu mzima shikamoo mbele za watu ni tusi, tena kubwa. Binti alikuwa dirishani ananitazama, macho yamemtoka. Nikimwamkia mtu huyu, ndoa itapita, na kila sikukuu nitamwamkia tena. Nisipomwamkia, nimemharibia mtoto.

Ule ukimya ndio uliomtoa mama ndani. Akaniuliza mbona wageni wamesimama, hawajaamkiwa wala kukaribishwa.

"Huyu simwamkii, mama. Alinibaka jeshini."

Sauti ilinitoka ndogo kuliko nilivyotaka, ila kila mtu aliisikia. Mama alikuwa hajawahi kuambiwa. Miaka yote alijua niliacha kazi kwa sababu ya maumivu ya mgongo.

Mwanamume yule hakunijibu mimi. Alivua kofia, akampita kijana wake, akainama mbele ya mama kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama. Mwanao ana matatizo tangu kikosini."

Mama yangu huitikia kila mtu. Walevi anawaitikia, hata jirani aliyemwibia korosho anamwitikia. Alimtazama yule mtu utosini, akafunga mdomo. Nikangoja marahaba, naye akaingoja pale alipoinama. Haikutoka.