Presha ya Bibi Zuhura

"Bibi yako anaumwa nini hasa?"

Rafiki yangu wa chuo aliniuliza hivyo tukiwa kando ya kitanda, kwenye makao ya wazee hapa Ujiji. Mimi ninayehoji kila kitu sikuwa nimehoji hilo. Nilijua tu kwamba Bibi anameza dawa asubuhi, mchana na jioni.

Ushuhuda huu ni wa Bibi mwenyewe, ila kuandika hataki. "Andika wewe, mke mwenza," ameniambia kwa utani. "Umesomeshwa kwa dagaa zangu."

Ni kweli. Aliuza dagaa ufukweni Kibirizi miaka na miaka, na sauti yake ya kugombea bei ilifika majini. Magoti yalipomchosha, wanawe wakiwa mbali, aliamua mwenyewe kuhamia makao.

Huko alianza na kidonge kimoja cha presha. Kikaongezwa kingine. Akapata kizunguzungu, akapewa dawa ya kizunguzungu. Mikono ikaanza kutetemeka, akapewa ya kutetemeka. Akawa hasemi la kueleweka, usiku anahangaika, akapewa ya usingizi. Akaanguka akienda chooni, akapasuka paji la uso. Nilipokuja likizo, mate yalimtoka, analowesha godoro, uji unabaki shavuni. Hakunitambua.

"Ni uzee," ndugu walisema.

Nilitaka kuzitupa dawa zote. Daktari mpya, mama mmoja aitwaye Neema, alinizuia.

"Ukizitupa zote leo unaweza kumuua. Tunapunguza moja moja."

"Na kama kweli ni uzee?"

"Uzee hauingii ghafla hivi, mdogo wangu."

Alimpima presha akiwa amelala, kisha tukamshikilia akae, akapima tena. Ilishuka vibaya, vidonge vilimzidi. Akamuuliza muuguzi, Dada Rehema, kwa nini vidonge viliongezwa.

"Kila tukimwamkia alikuwa anajibu, 'Nina presha, wanangu, nina presha.'"

Nilishika kichwa. Kwetu, Bibi akisema ana presha, ana wasiwasi. Mjomba, mwanawe, anavua samaki Kagunga, na ziwa likichafuka Bibi ana presha mpaka asikie sauti yake. Niliwaeleza. Dada Rehema hakujitetea. "Masikini," alisema, "alikuwa anataka simu, sisi tukampa vidonge."

Haikuwa rahisi. Dawa ya usingizi ilipopunguzwa, Bibi alikesha akitukana kwa Kiha. Nilimwambia Daktari Neema amekosea. Hakukasirika, alikuja kila siku, akapima, akasubiri. Sijaona mtu mwenye subira kama yule.

Asubuhi moja Bibi akanitazama sawasawa. "Mbona umekonda? Chuoni mnakula karatasi?"

Nililia, sikuona aibu.

Leo anatembea kwa fimbo na anakula samaki wa mgebuka mpaka kichwa. Kidonge kimoja cha presha bado anakimeza, maana presha ya kupimwa anayo pia, kidogo. Na Mjomba anampigia simu.

Namshukuru Mungu, na Daktari Neema, na Dada Rehema aliyekubali kusahihishwa. Wewe mwenye mzee, uliza kila dawa inatibu nini na kama bado inahitajika. Usimkatishe dawa mwenyewe, muulize daktari, na ukitilia shaka muulize tena. Na mbele ya mgonjwa aliyenyamaza, chunga maneno yako.

Hilo la mwisho nimelijua juzi tu. Bibi alisikia yote. Siku ile Mjomba na Mama Mkubwa walipobishana azikwe Ujiji au kwao Kalinzi, alikuwa macho, ulimi tu ndio ulikuwa mzito.

"Nilitaka niwaambie Ujiji," alisema. "Kalinzi kuna baridi."