Mkono wa Syombua

Mwanangu, kila nikifungua mfereji hapa uani, siku moja ya ujana wangu hunirudia hata kama sijaiita.

Nilikuwa nimeolewa hapa Tseikuru juzijuzi tu, mwaka ambao mvua ilitukataa. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na maji tuliyachimba chini yake. Kwetu mke mgeni ndiye aliyeshuka kisimani. Aliyemtangulia kuolewa alibaki juu kupokea mitungi. Wangu wa juu alikuwa Syombua, mke wa shemeji yangu mkubwa, mwenye kicheko kikubwa, aliyeinua mtungi uliojaa kwa mkono mmoja kama anayeokota kikombe.

"Mueni, unachota maji ama umelala huko?"

"Nimelala. Niletee blanketi."

"Utaletewa na mama mkwe, na fimbo juu yake!"

Bado tulikuwa tunacheka ukuta wa mchanga ulipoanguka. Ulinifunika hadi kifuani, ukazidi kumiminika, na pumzi yangu ikakosa pa kwenda. Syombua alilala kifudifudi ukingoni, akanishika mkono, akakunja kiwiko na kuvuta. Nikasikia kitu kikikatika, sauti kama ya ukanda wa ngozi uliolowa. Nyama ya mbele ya mkono wake ilipanda ikajikusanya karibu na bega, kama mnyama aliyekimbilia shimoni. Uso wake ukawa wa majivu. Lakini hakuniachia. Aliongeza mkono wa kushoto, akanitoa.

Njiani aliniambia, "Usiseme." Sikuwa nimepata mtoto, na nyumba ile ilikuwa tayari inanong'ona kwamba nimekuja na kiangazi. Ingejulikana kwamba ameumia kwa ajili yangu, ningerudishwa kwa mama yangu.

Mama mkwe alipouona mkono umevilia damu hadi chini ya kiwiko, Syombua alisema ameteleza.

"Kunja," mama akamwambia. Akakunja, polepole. "Nyoosha." Akanyoosha.

"Basi ni mzima. Paka mafuta ya moto. Kesho kuna kazi."

Hivyo ndivyo tulivyopima mkono, mwanangu, na hivyo ndivyo tulivyompoteza mtu aliyekuwa mbele ya macho yetu.

Miezi ikapita. Siku moja walikuja wageni kuzungumzia posa ya binti wa nyumba. Syombua akapeleka uji, na bakuli la baba mkwe akalitoa kwa mkono wa kushoto. Mzee akaumwaga uji wote chini.

"Nani alikufunza kumpa mzee kwa kushoto?"

Nilifungua mdomo. Syombua akanitazama, nikaufunga.

"Ni mazoea mabaya, baba," alisema.

Tangu siku ile hakuruhusiwa tena kuwapa wageni chochote. Watu wakamwita mwenye kiburi, kisha mvivu. Kile kicheko kikapungua, kikawa tabasamu, kikaisha.

Tulikuwa tumezeeka nilipofaulu kumfikisha kwa daktari mjini Mwingi, kijana wa umri wako. Alimshika kiganja kama anayemsalimu, akasema, "Nyanya, geuza kiganja kitazame juu, nami nakuzuia." Kiganja hakikugeuka.

Akatueleza. Nyuma ya mkono wa juu kuna msuli unaonyoosha kiwiko. Mbele, ndani kabisa, kuna mwingine unaokikunja kimyakimya, nao ndio uliotudanganya. Ule wa juu yake, ambao ninyi vijana huutunisha mkipiga picha, umeshikwa mara mbili begani na mara moja chini ya kiwiko kwa kano nene, kamba ya msuli, na hiyo ndiyo iliyokatika. Nao hukunja, lakini pia hugeuza kiganja kwa nguvu kitazame juu. Ndio unaokaza kifuniko cha mtungi. Ndio unaoshikilia bakuli lililojaa lisimwagike mbele ya mzee.

"Mngemleta wiki zile za kwanza," alisema, "kano ingeshonwa."

"Wiki zile nilikuwa na kazi, mjukuu wangu," Syombua akajibu. Daktari akacheka. Mimi sikuweza.

Mwaka huu tumemzika. Kaburini mwanamke mmoja alinong'ona, "Alikuwa mzuri, ila mkono wake wa kulia haukupenda kutoa." Safari hii sikunyamaza. Nilisimama kando ya udongo nikasema yote, na watu wakainamisha vichwa. Lakini Syombua hakusikia, mwanangu. Nilisema kweli yote, na haikumfaa kitu.

Basi sikia. Mtu akikuambia ni mzima, usimpime kwa yale anayoweza bado. Angalia alichoacha kufanya, kisha muulize, na akikwepa muulize tena. Na ukiumia kwa kumwokoa mwenzako, sema. Aliyeokolewa naye hubeba kimya chako mpaka uzeeni.

Lete mkono wako hapa. Geuza kiganja. Unaona kinavyogeuka kirahisi? Mungu akijaze, asikuache ukatoa peke yako. Na siku kitakaposhindwa kugeuka, akupe mtu atakayeuliza kwa nini.